Mfarishi wa Harriet Powers

Mfarishi ni nguo ya kujifunika kitandani, yenye pamba kati ya vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja. Katika nyumba ya makumbusho ya historia ya Marekani, mjini Washington, umo mfarishi mmoja wenye sifa kubwa. Aliyeushona ni Harriet Powers, mwanamke Mweusi aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia, mwaka 1837. Alikata vitambaa kwa mfano wa watu na wanyama, akavishona juu ya nguo, akafanya picha 11 za habari za Biblia: Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimwua Habili, ndoto ya Yakobo, Bwana Yesu akibatizwa.

Mwaka 1886 mfarishi huo ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, huko Georgia. Mwalimu wa kuchora, jina lake Jennie Smith, akataka kuununua, Harriet akakataa. Baada ya miaka michache shida ikamzidi, akamwuzia kwa dola 5 tu. Lakini alimweleza maana ya kila picha, naye mwalimu akayaandika maneno yake. Tena Harriet alirudi mara kadhaa kuutazama.

Harriet alifariki mwaka 1910, wala maneno yake hayakupotea. Basi, watoto, kitambaa bila habari zake ni bubu. Mwonapo mkeka aliousuka bibi yenu, mwulizeni maana ya mapambo yake, mkaiandike angali hai.