Sili chakavu zinavyokula mtaji wa mashine za boti

Mfanyabiashara wa Makorora aliyeweka fedha zake katika mashine ya boti huiona mali yake kwa nadra. Usiku iko baharini, asubuhi iko diko la Deep Sea, naye husubiri mgawo. Mafuta hukatwa kwanza, kisha mapato hugawanywa kati ya chombo, nyavu na wavuvi. Giaboksi ikifa, mgawo husimama na bili humrudia yeye. Mara nyingi chanzo ni pete ya mpira inayoenea kiganjani.

Pete hiyo ni sili ya oili. Hukaa kwenye shafti ya rafadha, au propela kama wengi waitavyo, ikizuia oili ya gia isitoke na maji ya chumvi yasiingie. Mashine nyingi zina sili mbili mahali hapo. Zikichakaa, maji huingia, oili hupoteza ulaini, na gia pamoja na beringi hushika kutu na kusagika. Uzee huchakaza sili, lakini adui mbaya zaidi ni mshipi wa nailoni na vipande vya nyavu vinavyojizungusha nyuma ya rafadha na kukata midomo yake.

Kupima hakuhitaji fundi. Mashine ilale usiku mmoja ikiwa wima, kisha asubuhi skrubu ya chini ya giaboksi ilegezwe kidogo. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hutangulia kutoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa nayo ni ushahidi wa kutosha. Anayenunua mashine iliyotumika afanye hivyo kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa skrubu hiyo ifunguliwe amekwisha jibu swali.

Kwa boti za dagaa zinazovua kwa taa, kazi hii ipangwe siku za mbalamwezi, ambapo taa hazivuti samaki vizuri. Kufungua mashine wakati wa giza ni kutupa usiku wa mapato.

Kwanza waya za plagi huchomolewa, mashine isije ikawaka mkono ukiwa kwenye rafadha. Oili humwagwa katika chombo, rafadha hutolewa, na mshipi wowote ulionasa huondolewa. Kisha hufunguliwa bolti za kifuniko kinachobeba sili. Hapa ndipo wengi huharibu. Chumvi hukigandisha kifuniko, na nyundo hukipasua. Pula na uvumilivu ni nafuu kuliko kifuniko kipya. Kabla ya kutoa sili za zamani, iangaliwe midomo yake imeelekea wapi, kwa kuwa mpya lazima zikae vivyo hivyo. Hupakwa grisi na kusukumwa sawasawa kwa soketi yenye upana unaolingana nazo. Ringi ya mpira ya kifuniko nayo hubadilishwa.

Shafti ipitishwe ukucha pale sili inapogusa. Ukikwama katika mfereji, sili mpya haitadumu, na fedha zake zimepotea hadi shafti ishughulikiwe.

Dukani, sili husomwa kwa namba tatu za milimita: upana wa shafti, upana wa nje na unene. Sili ya gari yenye namba hizohizo huweza kuingia bila shida, na huuzwa kwa hoja hiyo. Lakini springi yake kwa kawaida ni ya chuma kinachoshika kutu, wakati ya sili ya baharini ni ya chuma kisichoshika kutu. Tofauti ya bei ni hapo, na kwa maji ya chumvi inafaa kulipwa.

Oili ya gia, kwa kawaida namba 90, huingizwa kwa tundu la chini mpaka itokeze tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Washa za skrubu zote mbili ziwe mpya. Baada ya safari ya kwanza oili ikaguliwe tena. Ikiwa bado nyeupe, maji yanapita kwenye sili za shafti ya wima chini ya pampu ya maji, au ile ya fimbo ya gia, na kazi hiyo apewe fundi mwenye vifaa vya kupima giaboksi kwa upepo.