Meli: Jina la Mfuko Lililokabidhiwa Chombo

Abiria anayesubiri gatini Mbamba Bay chombo kinachoshuka kutoka Kiwira kwa kupitia Lupingu, Manda na Liuli anasema anangoja meli. Akilini mwake kuna mzigo, nauli na hali ya ziwa. Barua hazimo kabisa. Hata hivyo neno analolitumia ni la Kiingereza, ‘mail’, na kwa Waingereza wa leo neno hilo linataja barua na vifurushi vya posta, wala halitaji chombo cha majini. Wapo wanaolicheka jambo hili. Husema babu zetu walisikia vibaya, wakaona chombo kinaletwa na Wazungu, wakaambiwa habari za barua, wakaligandisha neno mahali pasipo pake. Maelezo hayo yanachekesha, lakini si ya haki. Waswahili hawakukosea. Walilipeleka neno pale walipokuwa na haja nalo, na katika kufanya hivyo walifuata njia ambayo Waingereza wenyewe walikuwa wameshaipita.

Tuanze na Waingereza hao. Walilichukua neno lao kwa Wafaransa katika Zama za Kati, nao Wafaransa walikuwa wamelipata katika lugha za Kijerumani za kale. Wakati huo lilikuwa na maana ya mfuko au mkoba wa safari, na Kifaransa kingali kinaita sanduku la safari ‘malle’ hadi leo. Kufikia karne ya 17 Waingereza walikuwa wakitaja mfuko wa barua kwa neno hilohilo, kisha taratibu mfuko ukasahauliwa zikabaki barua zilizomo. Hatua iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Tarehe 2 Agosti 1784, John Palmer alianzisha gari la farasi la kupeleka barua kutoka Bristol hadi London, nalo lilipokea abiria pia. Magari ya namna hiyo yalipoenea, Waingereza walianza kuliita gari lenyewe ‘mail’. Mtu aliyetaka kwenda London alipanda ‘mail’ na kulilipia nauli, awe na barua au asiwe nayo. Thomas De Quincey alipoandika insha yake maarufu juu ya magari hayo mwaka 1849, matumizi hayo yalikuwa ya kawaida kabisa. Baharini mambo yalikwenda vivyo hivyo: herufi RMS zilizotangulia jina la Titanic zilitangaza kwamba chombo kile kilikuwa na mkataba wa kubeba barua za serikali.

Ufukweni mwa Afrika Mashariki neno lilishuka likiwa na maana hiyo ya chombo. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilipata mkataba wa serikali wa kupeleka barua kwa meli za mvuke kati ya Aden na Zanzibar, na safari ikawa ya kila mwezi. Ofisi ya posta iliyoendeshwa kutoka India ilikuwa Unguja mwaka 1875. Wajerumani nao, kuanzia mwaka 1890, walikuwa na kampuni yao iliyolipwa ruzuku kwa kazi ileile. Mtu anaweza kuuliza tunajuaje kwamba ‘meli’ haikutoka kwingine, pengine ni ‘merikebu’ iliyokatwa. Ushahidi wa sauti unatosha. Kiswahili kinapopokea neno la Kiingereza lenye sauti ya katikati ya ‘mail’, kwa kawaida huitamka kwa ‘e’: keki, treni, jela. Karibu zaidi ni ‘reli’, iliyotoka kwenye neno linalotofautiana na ‘mail’ kwa herufi moja tu ya mwanzo. Aliyetamka reli asingeweza kutamka namna nyingine ila meli. ‘Merikebu’ kwa upande wake haikukatwa wala haikupotea. Imeendelea kuishi kando ya neno geni, jambo lisilotarajiwa kama moja lingekuwa kifupisho cha jingine.

Swali gumu zaidi ni kwa nini Waswahili walihitaji neno jipya hata kidogo. Walikuwa na merikebu, jahazi, mashua, dau, mtepe. Hata chombo cha mvuke kilikuwa kimeshapewa jina, maana watu wa karne ya 19 walisema ‘merikebu ya dohani’. Kwa upande wa barua hapakuwa na upungufu wowote, kwa sababu neno lenyewe ‘barua’ lilikuwepo zamani, na waraka pia. Hapo ndipo penye jibu. ‘Mail’ yenye maana ya barua ilikuta kiti kimekaliwa. Kiti kitupu kilikuwa cha chombo cha aina ambayo pwani haikuwa imewahi kuizoea, kinachofika kwa tarehe. Jahazi lilifuata kaskazi na kusi. Mwenye mzigo alihesabu misimu, na upepo ukichelewa naye alichelewa. Chombo chenye mkataba wa barua hakikuwa na ruhusa hiyo, kwani serikali ilikilipa ili kisisubiri upepo. Dohani na moshi vilionekana kwa macho, lakini kilichobadilisha biashara ya gatini ni ratiba, na ratiba ililetwa na barua. Kwa maoni yangu, jina ‘merikebu ya dohani’ lilishindwa kwa sababu lilieleza umbo tu, huku ‘meli’ ikibeba habari ya siku ya kufika.

Ziwa Nyasa linatuonyesha jinsi neno lilivyojitenga na barua zake. Stima ya kwanza ziwani, Ilala, iliingia Oktoba 1875, vipande vyake vikiwa vimepitishwa nchi kavu kwa mabega ya wapagazi kuyakwepa maporomoko ya mto Shire. Ilikuwa ya wamisionari wa Livingstonia. Mwaka 1901 ikashushwa majini Chauncy Maples ya wamisionari wa Kianglikana, iliyopewa jina la askofu wao aliyezama katika ziwa hilohilo mwaka 1895. Vyombo vilivyojengwa kwa ajili ya dini, au vya mizinga kama Guendolen ya Waingereza na Hermann von Wissmann ya Wajerumani, leo vyote tunaviita meli bila kusita. Tena vita vya ziwani viliamuliwa na barua isiyofika. Tarehe 13 Agosti 1914, Guendolen ikiongozwa na nahodha wake, Rhoades, iliikuta Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo huko Sphinxhafen, ambayo sasa ni Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay. Ikaipiga na kuiharibu. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikasirika na kushangaa, maana hakuwa amepata habari kwamba Ulaya imeingia vitani. Taarifa ilikuwa imemfikia adui yake kwanza.

Wako watetezi wa lugha watakaosema kwamba yote haya ni hoja ya kurudi kwenye ‘merikebu’, neno letu wenyewe. Heshima yao haipungui nikisema kwamba ‘merikebu’ nayo ni mgeni, aliyefika mapema zaidi: imetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kupanda, na huko pia kinachopandwa si lazima kiwe majini. ‘Jahazi’ nalo ni la kutoka ng’ambo. Kama ugeni ni kosa, bandari nzima itabaki na mtumbwi. Pia matumizi yameshaamua. Biblia ya Union inampandisha nabii Yona kwenye merikebu, wakati tafsiri ya Habari Njema inampandisha kwenye meli, ingawa Yona aliishi karne nyingi kabla ya mvuke na mikataba ya posta. Vilevile MV Ruvuma na MV Njombe za Ziwa Nyasa, zinazobeba shehena ya tani 1,000 kila moja na hazikuundwa kwa ajili ya abiria wala barua, ni meli kwa kila mkazi wa ufukwe. Mashua yenye injini inayopeleka watu kijiji cha pili haiitwi hivyo, ni boti. Mpaka kati ya boti na meli sasa ni ukubwa na umbali wa safari.

Neno ‘stima’ limepata majaliwa ya ajabu zaidi. Lilianza kwa kutaja chombo cha mvuke, likapanda nchi kavu, na nchini Kenya sasa maana yake ni umeme. Stima ikikatika Nairobi, taa huzimika. Nayo ‘mail’ imerudi kwa mara ya pili, safari hii kupitia kompyuta. Fomu za ofisi zinaandika ‘barua pepe’, lakini midomoni wengi husema ‘imeili’, na hakuna anayeisikia meli ndani yake. Kwa hesabu ya viti ‘imeili’ ingepaswa kushindwa, kwa kuwa ‘barua pepe’ ni jina zuri na limeshakaa. Haijashindwa, na nadhani sababu ni kwamba waliokipokea chombo hiki walikipokea kazini, kikiwa na jina lake tayari, kama makuli wa Unguja walivyoipokea meli.