"Huyu Si Alishapewa?"

"Daktari, huyu si alishapewa? Mbona tena?" Swali hilo ndilo ninalokutana nalo kuliko mengine yote. Mimi si daktari. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, ila kijijini ukionekana na kikasha cha chanjo ya polio begani, cheo hicho unapewa bure. Mama anayeuliza hivyo hana ubishi. Kadi ya kliniki anayo, tarehe zimejazwa, na ana haki ya kujibiwa.

Jibu la kwanza liko tumboni mwa mtoto. Kirusi cha polio huingia kwa mdomo, kupitia maji, chakula au mikono iliyochafuliwa na kinyesi cha mwenye maambukizi. Huzaliana kwenye utumbo, na kwa baadhi ya watoto huvamia mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Matone tunayotoa ni kirusi hichohicho kilichodhoofishwa, nacho lazima kipate nafasi utumboni ili mwili ujifunze kupambana. Mtoto akiwa anaharisha, au tumbo limejaa virusi vingine, dozi ya siku hiyo yaweza isishike. Ndiyo maana ratiba huanza anapozaliwa, na matone hurudiwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na hapo pa mwisho huongezwa sindano ya paja. Dozi ya ziada haimdhuru aliyekamilisha.

Jibu la pili liko barabarani na ziwani. Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza kwa polio, na uchunguzi ukaonyesha kirusi chake ni ndugu wa kile kinachozunguka Pakistani. Afrika ilikuwa imethibitishwa kuwa huru na polio ya asili mwezi Agosti 2020. Wengine walishangaa: mtoto mmoja tu, nchi ya watu, sisi yatuhusu nini? Lakini kati ya watoto takriban 200 wanaoambukizwa, mmoja ndiye hupooza. Wengi wa waliobaki hucheza kama kawaida huku wakisambaza kirusi. Na sisi tumekaa njiani. Malori ya makaa ya mawe ya Ntunduwaro yanapita usiku na mchana. Barabara inashuka hadi Lituhi, na kule mwambao wa Nyasa wavuvi na wachuuzi wa dagaa wana ndugu ng'ambo zote za ziwa.

Mwezi Machi 2022 kampeni ya chanjo ikaanzia mikoa minne: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma yetu. Mei ikaenea nchi nzima. Tulipita nyumba kwa nyumba, na tulipokuta mlango umefungwa kwa sababu mama yuko mlimani analima mashimo ya ngoro, tulimfuata huko.

Kazi yenyewe haina makeke. Kabla ya kufungua kichupa natazama alama iliyobandikwa: duara lenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukifanana nalo au kulizidi weusi, joto limeshaiharibu na kichupa hakitumiki. Kisha matone mawili mdomoni, wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na chaki mlangoni ili wenzangu wajue nyumba hii imepitiwa.

Wapo wanaume wanaoniambia chanjo inafunga kizazi. Huwa nawaomba watazame wake zao. Wengi wamezaliwa miaka ya 1990, walipewa matone haya haya wakiwa wachanga, na sasa wanalea.

Ugumu hasa uko kwa mama kijana ambaye hajawahi kumwona mtoto aliyepooza kwa polio. Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, kwa hiyo ugonjwa umekuwa hadithi ya bibi. Namwambia: mguu ukishapooza hakuna dawa ya kuurudisha, na misuli ya kupumua ikipooza mtoto hufa. Kinga ndiyo pekee tuliyo nayo.

Basi, mzazi, fungua kadi ya mwanao leo. Ukiona pengo, nenda zahanati; usiogope kufokewa kwa kuchelewa, dozi iliyobaki atapewa. Na mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea ghafla mkono au mguu, usimzungushe kwa waganga ukisubiri. Toa taarifa siku hiyohiyo, kwa sababu sampuli za choo zinatakiwa zichukuliwe ndani ya siku 14. Zikichelewa, tutakuwa tunakikimbiza kirusi ambacho kimeshafika kwa jirani.