Simba wa Kreta Wanahitaji Njia

Sisi wafugaji tunajua: fahali akiwapanda binti zake miaka nenda miaka rudi, ndama huzaliwa dhaifu. Na simba je? Ni vivyo hivyo.

Kreta ya Ngorongoro imezungukwa na ukuta wa mlima, kimo chake mita 600 hivi. Mwaka 1962 nzi wanaouma waliua simba wengi. Walibaki kama 10 tu. Madume 7 yakaingia kutoka nje, kisha wakazaana wao kwa wao. Damu ikawa moja. Wataalamu wakakuta mbegu za madume zina kasoro nyingi.

Simba aweza kuupanda ukuta ule. Lakini huko juu hukuta maboma na mikuki. Basi kizuizi si mlima peke yake, hata sisi tumo! Tujenge mazizi imara, tuwaachie njia. Damu mpya itaingia.