Si Kila Kinyama ni Bawasiri

Mjini hapa mtu akigusa kinyama karibu na njia ya haja kubwa, jibu lake ni moja tu: bawasiri. Anaulizia dawa kwa siri, anapaka, ananyamaza. Kumbe pengine hata si bawasiri.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Lakini ngozi ya sehemu ile, kama ya kwapani, ina pia tezi za mafuta na za jasho. Tezi ikiziba, hujaa na kuwa kifuko. Pengine chembe zake huongezeka zikafanya uvimbe. Mmojawapo unaitwa hidradenoma papiliferamu. Huwapata zaidi wanawake, ni kinundu kidogo, mara nyingi hakifiki sentimita 2, na kwa kawaida si saratani. Kinaweza kutoa damu kidogo, ndiyo maana watu hukichanganya na bawasiri.

Tiba yake haitishi. Daktari anapiga sindano ya ganzi, anakitoa chote, anashona. Kikitoka chote, ni nadra kurudi. Kisha kinapelekwa maabara kuangaliwa kwa hadubini. Hatua hii isirukwe, maana kwa macho tu vinyama hufanana: kuna chunjua zinazoletwa na kirusi, kuna jipu, na mara chache kuna saratani. Ndo maana dawa za kuchoma za mtaani ni hatari: zinaunguza ngozi na haziachi kitu cha kupima.

Sasa tuje kwenye haya. Sisi Waunguja tumelelewa nayo, na ni malezi mazuri. Lakini haya ni ya kusitiri mwili, si ya kuficha maradhi. Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikibidi utapewa rufaa ya Mnazi Mmoja, pale pembeni mwa Mji Mkongwe. Ukiona tabu, uliza kama yupo daktari wa jinsia yako. Sema tu, "Daktari, nina uvimbe kwenye njia ya haja kubwa." Inatosha, mengine atauliza yeye.

Usingoje kama uvimbe unakua, ni mgumu, unatoa damu, au choo kimebadilika.

Na sisi tunaosomea ualimu, kesho tutafundisha somo la ngozi na tezi zake. Tusiishie kwapani. Mwanafunzi aliyewahi kulisikia jambo hili darasani hatashindwa kulisema mbele ya daktari.