Imbwa, Ua na Neno "Nyama"

Kaka yangu aliporudi kutoka Ubelgiji alileta mmea mdogo ndani ya chungu, akamwambia mama kwa Kifaransa kwamba ni "plante carnivore". Mama akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi ninayesoma lugha. Nikatafsiri bila kufikiri: mmea unaokula nyama. Akamtazama mtoto wa imbwa aliyelala mlangoni (hapa Lubumbashi mbwa ni imbwa, wasahihishaji wanisamehe), akauliza: "Inakulaka nyama? Na ile imbwa yetu?"

Siku ileile mmea ukatolewa nje. Mahali pake, chini karibu na kiti, pakawekwa diefenbakia, lile ua la majani mapana yenye madoa meupe linalopamba sebule na ofisi nyingi.

Mmea wa kaka ni Dionaea, asili yake vinamasi vya Carolina, Marekani. Ncha ya kila jani imegawanyika pande mbili kama kitabu kidogo kilichofunguliwa, cha sentimita mbili au tatu, na ndani mna vinywele vichache. Kinywele kikiguswa mara moja, hakuna kitu. Kikiguswa tena kabla ya sekunde 20 hivi kupita, jani linajifunga ghafla. Nzi akitapatapa ndani, jani linatoa majimaji ya kumyeyusha, kazi ya siku nyingi. Pua ya imbwa haliwezi kuishika. Na imbwa akiutafuna mmea wenyewe, haujulikani kuwa na sumu kwake. Akila mwingi atatapika, kama anavyotapika akila majani ya uwanjani. Anayepata hasara ni mmea, maana jani moja hujifunga mara chache tu, kisha hufa. Hata dembo zetu za Katanga zina jamaa yake, Drosera, mwenye majani ya kunata, na imbwa hupita juu yake bila habari.

Basi kosa lilikuwa wapi? Si katika "kula": sisi wenyewe tunasema kutu inakula chuma, na kutu haina meno. Kosa lilikuwa katika "nyama". Katika Kiswahili chetu nyama ni kile kilicho chunguni na pia kile kinachotembea porini. Mama alisikia mmea unaokula wanyama, na imbwa ni mmoja wao. Charles Darwin, alipotoa kitabu juu ya mimea hii mwaka 1875, aliweka wadudu katika jina la kitabu. Ningemfuata, nisingemtisha mtu.

Siku ya tatu imbwa alitafuna jani la diefenbakia. Alitokwa na mate mengi, akajikuna mdomo kwa miguu, ulimi ukavimba, akakataa hata maji. Jani lile limejaa fuwele nyembamba kama sindano, zinazochoma mdomo na koo. Waingereza wameliita muwa wa bubu, kwa sababu anayelitafuna hushindwa kusema. Hilo jina lingetuonya, lakini sebuleni kwetu liliitwa "maua" tu. Tulimwosha mdomo kwa maji, tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Kesho yake jioni akala ugali.

Diefenbakia iko sasa juu ya kabati. Dionaea imerudi dirishani, penye jua, na mama anaiita kula-nzi.