Chokaa Iliyoponya Picha za Makanisa ya Kale

Watu wa Bamburi na wa pwani yote ya Mombasa waijua chokaa tangu zamani. Miaka mingi kabla kiwanda cha saruji cha Bamburi hakijaanza kazi yake mwaka 1954, waashi walikuwa wakichoma matumbawe juu ya chungu ya kuni, wakapata chokaa ya kujengea nyumba, misikiti na makaburi. Magofu ya Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, ni kazi ya mawe na chokaa hiyo, nayo yangali yamesimama baada ya miaka mia sita hivi. Lakini ni wachache wajuao kwamba huko Ulaya chokaa ndiyo iliyozibeba picha za makanisa ya Zama za Kati, kisha ikazificha, na kwa kuzificha ikaziponya.

Katika zama hizo wakulima wengi wa Ulaya hawakujua kusoma, na ibada ilisomwa kwa Kilatini. Kwa hiyo ukuta wa kanisa ulikuwa kitabu chao. Yapata mwaka 600, Papa Gregorio wa Kwanza alimwandikia askofu wa Marseille asizivunje picha, kwa kuwa zamfundisha asiyejua kusoma. Makanisa makuu ya maaskofu yalipambwa kwa vioo vya rangi na sanamu za mawe zilizogharimu mali nyingi. Kanisa dogo la kijijini halikuwa na uwezo huo. Lilikuwa na ukuta, chokaa, na rangi za udongo mwekundu na wa manjano.

Mfano mmoja ni kanisa la Chaldon, kusini ya London. Yapata mwaka 1200, fundi asiyejulikana jina alichora ukutani ngazi ndefu, na roho za watu zikipanda kwenda mbinguni au kuanguka motoni. Mlariba ameketi katika ndimi za moto pamoja na mifuko yake ya fedha, na mafundi wadanganyifu wanavushwa juu ya daraja la miiba. Hapana shaka kila mwanakijiji aliyeitazama alielewa maana yake bila ya kusomewa.

Sasa tueleze kazi ya chokaa yenyewe. Jiwe la chokaa likichomwa hutoa hewa ya kaboni. Chokaa hiyo ikitiwa maji, ikachanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa ile polepole, ikarudi kuwa jiwe. Mafundi wa Italia, kama Giotto aliyepamba kanisa dogo la Padova yapata mwaka 1305, walitia rangi lipu ingali mbichi, na rangi ikafungwa ndani ya jiwe hilo. Huko Uingereza mara nyingi walichora juu ya lipu iliyokwisha kukauka, na picha za namna hiyo hubanduka upesi zaidi.

Katika karne ya 16 mambo yaligeuka. Serikali ya Mfalme Edward wa Sita wa Uingereza iliamuru mwaka 1547 picha na sanamu ziondolewe makanisani. Kuvunja kuta kungaligharimu sana, basi wengi walichukua ndoo ya chokaa wakapaka juu ya picha. Katika mji wa Salisbury, picha kubwa ya Siku ya Hukumu ilipakwa chokaa mwaka 1593, mwaka ule ule Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu hapa Mombasa. Picha hiyo iliwekwa wazi tena na kutengenezwa mwaka 1881. Chokaa iliyokusudiwa kuifuta ilikuwa imeikinga kwa muda wa karne tatu karibu. Lakini picha nyingine nyingi zilipotea katika karne hiyo ya 19, wajenzi walipokwangua lipu yote ili mawe yaonekane.

Mambo haya hayako mbali nasi. Katika buruji ya San Mateus ya Ngome ya Yesu, Wareno walichora juu ya lipu ya chokaa, kwa rangi nyeusi ya masizi na udongo mwekundu, picha za merikebu, watu na wanyama. Waliozichora hawakuwa mafundi wakubwa, lakini leo picha hizo zatuonyesha mambo waliyoyaona na kuyawaza watu wale kabla Waarabu wa Omani hawajaiteka ngome mwaka 1698.

Basi kila mwenye kutengeneza nyumba, msikiti au kanisa la kale na azingatie mambo matatu. Kwanza, asikwangue lipu ya zamani kwa haraka, bali ajaribu mahali padogo na kutazama kama kuna rangi au maandishi chini yake. Pili, asipake saruji juu ya ukuta wa chokaa. Saruji ni njema kwa nyumba mpya, lakini haipitishi unyevu kama chokaa, na maji yaliyozuiliwa ndani ya ukuta huibandua lipu pamoja na kila kilichochorwa juu yake. Tatu, akiona alama yoyote, asimamishe kazi na kuwapasha habari watu wa Makumbusho ya Taifa, ambao hapa Mombasa wapatikana katika Ngome ya Yesu. Lipu ikishaanguka na kusagika, hakuna fundi awezaye kuirudisha picha iliyokuwamo.